Cha Hewa, si Hewa

Andika kwenye hati ya zabuni kwamba kaunti inahitaji "vikata-umeme hewa" vitano, kisha wangoje wakaguzi wa hesabu. Hawatauliza bei. Watauliza viko wapi. Kwa Kiswahili cha magazeti ya siku hizi, mfanyakazi hewa ni yule anayelipwa mshahara na hayupo, mradi hewa ni ule uliokamilika kwenye karatasi, na kikata-umeme hewa kitakuwa kile kilicholipiwa na hakijashushwa kwenye lori lolote. Tia "cha" katikati na kitu kinarudi mahali pake: kikata-umeme cha hewa ni chombo cha chuma, kizito, kinachozima moto wa umeme kwa hewa hii hii tunayoivuta.

Wahandisi wa msongo mkubwa (hai volteji, ukipenda) wana swali lao la kila siku: mkondo tuukatie hewani au ndani ya ombwe, yaani mahali palipotolewa hewa? Majibu wanayo. Ninalolishika mimi, na ninalotaka wewe msomaji ulishike nami, ni majina. Tumepewa majina yanayotuambia kwamba kuna kitu kinavunjika. Jina zuri lingetuambia mkondo unanyamazishwa wapi, na kwa nini.

Mafundi wa stima wa hapa Gazi, Kwale, na wenzao wa Msambweni na Ukunda, hawasumbuki. Wana breka. Breka imetripu, breka imeungua, kalete breka nyingine. Neno limekaa vizuri mdomoni, limepata irabu yake ya mwisho, na sikio letu limeliunga na breki ya gari ingawa huko yalikotoka ni maneno mawili mbalimbali. Sikio halikukosea sana, kwani yote mawili kazi yake ni kusimamisha. Sina ugomvi na breka. Ile ya ukutani, karibu na mita ya tokeni, ibaki breka. Taabu huanza inapopanda cheo ikawa ya kilovoti 11 au 33, ndani ya kabati kubwa kuliko la nguo, na mtu akauliza: hii ni breka ya nini?

Tafsiri iliyoenea ni "kivunja mzunguko". Isikilize. Chungu kikivunjika ni vigae. Ndoa ikivunjika tunaelekea kwa kadhi. Kuna mvunja sheria na kuna mvunja nchi. Hata vunja jungu, pamoja na furaha yake yote ya mkesha wa Ramadhani, ndani yake mna jungu lisilotiwa tena motoni. Kilichovunjwa kwa Kiswahili hakirudi kuwa kilivyokuwa. Sasa chombo ambacho sifa yake kubwa ni kufungua na kufunga tena mara elfu kumi bila kuchakaa, kwa nini tukiite kivunja? Fyuzi ndiyo inayovunjika: ikiungua imekwisha, unanunua nyingine. Tumempa mmoja jina la mwenzake.

Kukata ni afadhali. Tunakata simu na kuipiga tena dakika hiyo hiyo. Ila kukata kwenye mambo ya stima kumeshachukua rangi ya ofisi. Angalia Kiswahili kilivyogawa lawama kwa viambishi tu: stima imekatika, hapana wa kuulizwa, stima imekatwa, yuko aliyeikata, tumekatiwa stima, kuna deni. Ukisema kikata-umeme, sikio la mwenye nyumba linamwona mtu amesimama mlangoni na koleo.

Ninalolipendekeza ni kukatiza. Unamkatiza mtu maneno, ananyamaza, kisha anaendelea pale alipoachia. Unakatiza safari ukaimalizia kesho. Kilichokatizwa hakijafa. Na kwa bahati nzuri hitilafu yenyewe, pale waya mbili zinapogusana na umeme ukaikwepa kazi yake, ni umeme uliopata njia ya mkato. Basi iitwe mkato, na dawa yake ni kikatizamkondo. Ugonjwa na mganga wametoka tumbo moja. Utasema neno ni refu. Kiamshakinywa nalo ni refu, na linaliwa kila asubuhi.

Mkondo hatukuuazima kwa mtu. Ni neno la maji. Anayeingia ghuba ya Gazi kwa mtumbwi anajua kwamba mkondo huingia maji yakijaa, hutoka yakipwa, na kati ya hayo kuna muda mfupi maji yamesimama, hayendi wala hayarudi. Stima yetu ni mkondo geu vivyo hivyo, ila haingoji saa sita. Kwa hezi 50 mkondo unageuka mara 100 katika kila sekunde, na kila ukigeuka unapita kwenye sifuri. Hapo ndipo pa kuukatiza. Si hewa wala ombwe linaloua mkondo mkubwa ukiwa katikati ya nguvu zake. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba, ukishafika sifurini, hauamki tena. Nilitaka kuiita sifuri hiyo "msimamo", lakini msimamo umeshachukuliwa na wanasiasa, na wao ndio wasiosimama.

Kabla ya sifuri kufika, kuna moto. Sehemu mbili za shaba zilizokuwa zimegusana (mafundi huziita kontakti, mimi naziita midomo) zikiachana mkondo ungali unapita, mkondo huruka hiyo nafasi, ukawaka mweupe kwa joto la maelfu ya nyuzi. Vitabu vinauita moto huo tao. Si neno baya: mlango una tao, na mto ukipinda tunasema unapiga matao. Lakini ulizeni tao hilo lilitoka wapi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Humphry Davy wa Uingereza aliwasha moto wa umeme kati ya vijiti viwili vya mkaa vilivyolazwa, hewa ya moto ikapanda kama ilivyo desturi yake, ikauinua moto katikati, ukapinda kama upinde. Kwa hiyo aliyelichora lile tao ni hewa. Palipo na ombwe hapana hewa ya kupanda, wala moto haupindi. Ukisema "tao la ombweni" umeingiza hewa kwa jina mahali ambapo watu wamegharamika kuitoa.

Lugha yetu ina ndimi za moto tangu zamani, na ulimi hauhitaji kupinda ndipo uwe ulimi. Natoa hoja: uitwe ulimi. Midomo ikiachana, ulimi hutokeza. Halafu tazama zawadi inayokuja bila kuombwa. Hewani moto huo ni mmoja, mrefu, unaorambaramba. Ndani ya ombwe, mkondo usipokuwa mkubwa mno, hutawanyika juu ya uso wa shaba kuwa madoa mengi madogo yanayokimbiakimbia, kila moja likibeba makumi ya amperi. Umoja na wingi wa Kiswahili unafanya kazi ya fizikia: hewani ulimi, ombweni ndimi. Mkato ukiwa mkali sana ndimi hujikusanya zikawa ulimi mmoja wenye kuchoma, na ndiyo sababu midomo ya chombo cha ombwe huchongwa mifereji, ili nguvu za sumaku za mkondo wenyewe ziuzungushe ulimi au ziutawanye usikae mahali pamoja.

Cha hewa kina namna yake ya kuua ulimi. Huusukuma juu, ukaingia kwenye kisanduku chenye mabamba ya chuma yaliyopangwa yakiachana kidogo. Ulimi unakatwa vipande, unarefuka, unapoa, unakufa. Kisanduku hicho nakiita dohani. Wazee wa pwani waliita dohani bomba la moshi la meli, na moshi umo ndani ya neno lenyewe tangu Kiarabu. Fungua mlango wa kabati kuu la stima katika hoteli kubwa ya Diani yenye transfoma yake, na uwezekano mkubwa ni kwamba utamkuta huyu bwana mwenye dohani, akilinda volti 415. Huko yuko kwake. Anabeba maelfu ya amperi, dohani yake inavuliwa kwa mkono na kukaguliwa, midomo yake inaonekana kwa macho.

Lakini hewa ya kwenye dohani ni hewa ya mahali. Kusi ikivuma, chumvi inaingia mpaka ndani ya mashine ya kushonea. Itashindwaje kuingia kwenye kabati la stima? Chombo cha hewa kilichowekwa Gazi kinaivuta hewa ya Gazi. Na msongo ukipanda, hewa inadai nafasi: kwa kilovoti 11 wahandisi huacha kiasi cha sentimita 12 za hewa kati ya chuma chenye stima na chuma cha ardhi, na kwa 33 zaidi ya mara mbili ya hizo. Zamani vikatizamkondo vya hewa vya kilovoti 11 vilitengenezwa kwa wingi. Vilikuwa vikubwa kama vibanda, na sasa ni nadra kununuliwa.

Hapa niwatenge ndugu wawili wanaochanganywa. Hewa imetulia, upepo ni hewa iliyotumwa. Kulikuwa na vikatizamkondo vya msongo mkubwa kabisa vilivyokuwa na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa mara ishirini au thelathini ya kanieneo ya kawaida, vikiupuliza ulimi kwa kishindo cha mzinga. Kuviita hivyo navyo "vya hewa" ni kumchanganya mnunuzi. Viitwe vya upepo. Lugha inayotofautisha kaskazi, kusi, matlai na umande haiwezi kushindwa na tofauti ya hewa na upepo. (Kanieneo, kwa njia, ni kani iliyobanwa na eneo zikazaa neno moja. Aliyeliunda alikuwa na mkono mwepesi, natamani ningemjua.)

Sasa ombwe, neno ninalolionea huruma. Ni letu, lina uzito wa mbw katikati kama kitu kinachofyonza, na magazeti yamelihamishia bungeni: ombwe la uongozi, ombwe la madaraka. Kijana anaweza kumaliza shule akidhani ombwe ni jambo la vyama vya siasa. Wanaoona limechafuka huleta mbadala tatu. Utupu: lakini mtu aliye utupu hana nguo, na sioni fundi akimwambia mama mwenye nyumba kwamba amekuja kukagua chupa ya utupu. Uwazi: ofisi zote za umma zina uwazi na uwajibikaji, na "kikatizamkondo cha uwazi" kitapendwa na wale wakaguzi wetu kwa sababu zisizohusu stima. Vakyumu: hilo ni la kufagilia zulia. Tulirudishe ombwe kwenye kazi yake. Tena lina unyenyekevu unaofaa, kwa maana halidai kwamba hamna kitu kabisa. Ndani ya chombo hiki hewa iliyobaki haitakiwi kuzidi sehemu moja kwa milioni kumi ya hewa ya nje. Ni kidogo mno, na si sifuri.

Na tahadhari ileile ya mwanzo: kikatizamkondo cha ombwe, si kikatizamkondo tupu. Tupu likikaa nyuma ya nomino bila kiunganishi, umesema havipo vingine ila hivyo, au chombo hakina kitu ndani, au vyote viwili.

Kile kisehemu cha kauri kinachobeba ombwe na midomo yake wahandisi wenyewe hukiita chupa, na hapa Kiswahili kilishawatangulia. Chupa ya chai iliyo mezani kwa kila mtu hapa Gazi ina kuta mbili na ombwe katikati. James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya maabara, na sisi tukaipa jina la kazi yake ya kweli. Anayejua chupa isiyoweka tena moto ameshaelewa ugonjwa mkuu wa kikatizamkondo cha ombwe: kwa nje chupa haina tatizo, ndani hewa imeingia. Dohani unaweza kuichungulia. Chupa haichunguliki; fundi huipima kwa kuitia msongo mkubwa midomo ikiwa wazi, aone kama itastahimili. Mafundi wana maneno marefu ya ugonjwa huo. Mimi nasema chupa imeingia hewa, basi.

Ndani ya chupa mna kitu kimoja kinachonichekesha. Mdomo mmoja lazima usogee, na chupa isifunguke. Wakatumia bomba la chuma chembamba lililokunjwakunjwa, linalonyumbuka bila kupitisha chochote. Umbo lake ni la mvukuto wa mhunzi, na jina mvukuto linalifaa, ingawa mvukuto wa mhunzi umeumbwa kuingiza hewa na huu umeumbwa kuizuia isiingie. Safari yenyewe ni fupi: kwa kilovoti 11, midomo ikiachana kiasi cha sentimita moja inatosha, pale ambapo hewa ingedai zile sentimita 12. Royal Sorensen na mwenzake Mendenhall walionyesha kule California mwaka 1926 kwamba jambo hili linawezekana. Ilichukua miongo mingine kupata chupa zinazotunza ombwe lao miaka ishirini na zaidi.

Ombwe nalo lina tabia yake mbaya, na tabia hiyo haina jina kwa Kiswahili. Mkondo ukiwa mdogo, chupa huwa na pupa. Haingoji sifuri ifike. Huukata mkondo ungali na amperi chache mkononi. Mkondo uliokatwa hivyo ndani ya mota au transfoma ndogo hugeuka msongo wa ghafla unaoweza kutoboa kihami. Pwani tuna neno la mtu asiyengoja mwenziwe amalize: anadakiza. Basi huko ni kudakiza mkondo, na kipimo chake kiitwe kima cha kudakiza. Midomo ya shaba iliyochanganywa na kromu imepunguza udakizi mpaka ukawa wa amperi tatu, nne au tano, na mwenye mota huongeza kinga ya msongo kando yake. Hili ndilo neno katika makala hii nililo tayari kulipigania. Kukatiza na kudakiza ni matendo mawili, adabu mbili, na fizikia yake ni mbili.

Gesi nisiiache, kwa sababu hapa Gazi tuna deni nayo. Kwenye msongo wa kilovoti 132, ule unaotoka Rabai hadi kituo cha Galu na kushushwa kuwa 33, vikatizamkondo vinavyotawala duniani si vya hewa wala vya ombwe. Ni vya gesi ya heksafloridi ya salfa. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja huipasha dunia joto kama tani 24 hivi za hewa ya ukaa. Nasi ndio watu wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 Gazi na Makongeni zinauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Piga hesabu: kilo 125 tu za gesi hiyo zikivuja popote pale, mwaka mzima wa mikoko yetu umekwenda. Umoja wa Ulaya umeshapiga marufuku vifaa vipya vyenye gesi hiyo kwa msongo wa hadi kilovoti 24 kuanzia 2026, na watengenezaji wameanza kuuza chupa za ombwe za hadi kilovoti 145. Ombwe likivuja hakuna kinachotoka. Hewa ndiyo inayoingia.

Ni hapa pia ambapo "hewa" limekuwa neno la kibiashara kijijini. "Tunauza hewa" si ulaghai wala si utani, ni mapato. Gazetini hewa ni kitu kisichokuwepo, kijijini ni kitu chenye bei kwa tani. Kwa hiyo anayeandika maelezo ya kikatizamkondo cha hewa kwa wasomaji wa Kwale asione uvivu kuandika "hewa ya kawaida" mara ya kwanza, kisha aendelee.

Na msongo? Ndugu zetu wa Tanzania wamelizoea: njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 400. Sisi Kenya bado twasema "stima kubwa" au "hai volteji", na msongo tumeuachia mawazo. Linatoka kwa kusonga: husongwa ugali, husongwa nywele, watu husongana kivukoni Likoni. Kilichosongwa kinatafuta pa kutokea, na ndivyo umeme ulivyo. Tulichukue bila kubadilisha chochote. Ila tuongeze daraja ambazo mara nyingi huachwa: msongo mdogo kwa volti 415, msongo wa kati kwa 11 na 33, msongo mkubwa kwa 132 na kwenda juu. Ukishazipanga hivyo, swali la hewa au ombwe linapungua ukali: mdogo ni wa hewa, wa kati ni wa ombwe, mkubwa bado ni wa gesi kwa wengi.

Kimebaki chombo kimoja kisicho na jina. Kwenye nguzo za kilovoti 33 na 11 huwekwa kikatizamkondo, siku hizi mara nyingi cha ombwe, kinachokata na kurudisha chenyewe. Pwani kina kazi nyingi: kuti la mnazi likiangukia waya, stima inazimika, inarudi, inazimika, na sisi majumbani twasema stima inacheza. Nimekijaribia "kirejeshi", likanukia ofisi. "Kirudishi" ni jepesi zaidi, na mtu yeyote analielewa kwa mara ya kwanza. Kwa tendo lake la mwisho neno ninalo. Kirudishi hujaribu mara mbili, tatu, pengine nne, kuti likiwa bado liko palepale, kisha kinasusa. Kikishasusa hakirudishi tena, hata upige simu mara ngapi, mpaka kuti liondolewe na fundi akifunge kwa mkono wake.